Sita, saba, tisa na ndugu zao: maneno ya ukoo, alama za jirani

Mtoto anayejifunza kuhesabu watu kwa Kiswahili hukutana na kitendawili kabla vidole havijaisha. Watu wawili, watu watatu, watu wanne, watu watano, halafu ghafla: watu sita, watu saba. Ile *wa-* imekwenda wapi? Inarudi kwenye wanane, kisha inapotea tena kwenye tisa. Akiuliza, mara nyingi huambiwa ndivyo lugha ilivyo, na somo linaendelea.

Sababu ni kwamba sita, saba na tisa ni wageni. Waliingia pwani kutoka Kiarabu, wakawakuta wenyeji nyumbani, nao wenyeji wakahama. Mahali pa tisa palikuwa na *kenda*, neno la Kibantu ambalo bado limo ndani ya jina Mijikenda, yaani miji tisa. Saba lilikuwa na jina lililoacha masalia yake kwenye fungate, zile siku saba za maharusi. Wageni wale hawakuzaliwa na ngeli, ndiyo maana hadi leo hawavai viambishi vyake. (Kumi nalo halivai, ila hilo ni Mbantu halisi mwenye sababu zake.) Makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini nayo ni wageni, pamoja na mia na elfu.

Sasa wageni hawa wana ukoo mkubwa. Kiarabu ni tawi moja la lugha za Kisemiti. Matawi mengine ni Kiebrania, Kiaramu na mtoto wake Kisiria, Kigeez cha kanisa la Ethiopia pamoja na Kiamhari na Kitigrinya vinavyozungumzwa leo, Kimalta kule katikati ya Bahari ya Mediterania, na Kiakadi cha Babeli na Ashuru, ambacho kimekufa tangu zamani. Ukiyaweka maneno yao ya hesabu pamoja utaona mara moja kwamba ni ndugu wa damu. Ukiziweka alama walizoandikia hesabu hizo utadhani hawajawahi kukutana. Mkanganyiko mwingi kuhusu mada hii unatokana na kuchanganya mambo hayo mawili. Neno la hesabu mtu hulipata kwa mama yake, lakini tarakimu huifuata kwa jirani, kwa mfanyabiashara au kwa mkusanya kodi.

Tuanze na midomo. Chukua nane. Mwarabu anasema *thamaniya*, Myahudi *shmone*, Msiria *tmanya*, na Kigeez kinasema *samantu*. Mwili ni uleule, ila sauti ya kwanza inabadilika kwa mpango: penye *th* ya Kiarabu, Kiebrania kina *sh*, Kiaramu kina *t*, Habeshi kina *s*. Jaribu tena kwa tatu, ukitazama mwisho wa neno: *thalath*, *shalosh*, *tlat*, *salas*. Mpango ni uleule. Mpangilio wa namna hii, unaojirudia neno baada ya neno, ndio unaowapa wanaisimu ujasiri wa kusema kwamba lugha hizi zilitoka kwa mzazi mmoja. Kufanana tu hakutoshi, kwani hata jirani hufanana.

Kimalta kinatufundisha tahadhari hiyohiyo. Wamalta husema *tmienja* kwa nane na *tlieta* kwa tatu, na mtu wa haraka angewapeleka moja kwa moja kwa Waaramu kwa sababu ya ile *t*. Kumbe Kimalta ni mtoto wa Kiarabu cha mtaani cha Afrika ya Kaskazini na Sisilia, na katika mitaa hiyo *th* ilikuwa tayari imegeuka *t*. Wamefika penye mti uleule kwa njia nyingine kabisa.

Nasi tuna mchezo wetu. Mtu wa Unguja hutamka thelathini na themanini kwa ncha ya ulimi kati ya meno. Panda bara utasikia *selasini* na *semanini*, na wenye Kiswahili chao watanuna. Wakati wakinuna, wakumbuke kwamba Addis Ababa thelathini ni *selasa* na themanini ni *semanya*. Aliyesema selasini hajakosea kuliko walivyokosea Wahabeshi wote kwa maelfu ya miaka.

Sita ndilo neno ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu limeficha kitu. Kiarabu ni *sitta*, Kiebrania *shesh*. Kiamhari ni *siddist*. Hiyo *d* imetoka wapi? Haikutoka popote, ilikuwepo tangu mwanzo. Mzizi wa kale ulikuwa na sauti tatu, ya kati ikiwa *d*, na katika Kiarabu *d* hiyo ilimezwa na jirani yake hadi zikabaki *t* mbili zilizokumbatiana. Mswahili anaweza kuthibitisha hilo bila kufungua kitabu cha isimu: sehemu moja ya sita tunaiita *sudusi*. Tunayo *sita* iliyopoteza *d*, na *sudusi* iliyoihifadhi, zote mbili ndani ya kinywa kimoja. Kundi zima la thuluthi, robo, humusi, sudusi na thumuni limekaa katika Kiswahili likiwa na mifupa ya Kisemiti inayoonekana wazi, hasa kwa waliosoma hesabu za mirathi. Thumuni hata iliingia mfukoni, ikawa jina la sarafu ya senti 50.

Si kila neno linatii ukoo. Moja ni *ahad* au *wahid* kwa Kiarabu, *ehad* kwa Kiebrania, *ahadu* kwa Kigeez, lakini Wababeli walisema *ishten*, neno lisilofanana na hayo hata kidogo. Ndugu yake mmoja amejibanza ndani ya Biblia ya Kiebrania, kwenye namna moja ya kusema kumi na moja, *ashtei asar*. Mbili nalo limegawanyika. Kiarabu *ithnan*, Kiebrania *shnayim* na Kiakadi *shina* ni mamoja. Kiaramu kimeibadilisha *n* kuwa *r* na kupata *trein*. Habeshi wameliacha kabisa na kutumia *kil'etu*, ambalo chimbuko lake ni neno la "wote wawili", lile ambalo kwa Kiarabu ni *kila*.

Kwenye makumi kuna mtego. Waarabu, Wayahudi na Waaramu hutengeneza makumi kwa kuiweka hesabu ndogo katika wingi: tatu nyingi ndiyo thelathini, saba nyingi ndiyo sabini. Kiarabu cha vitabuni hubadilisha mwisho wa neno kati ya *-una* na *-ina* kufuatana na kazi yake katika sentensi, lakini Kiarabu cha bandarini kilibaki na *-in* peke yake. Thelathini, arobaini, hamsini: sisi tuliyapokea kutoka kwa mabaharia, si kwa wanasarufi. Wababeli na Wahabeshi walikwenda njia nyingine, wakamalizia makumi yao kwa *-a*. Ndiyo maana Mswahili sokoni Addis Ababa akisikia *seba* anaweza kutoa noti saba kumbe ameambiwa sabini. Saba yao ni *sebat*. Mwarabu naye akisikia *hamsa* atafikiri ni tano, na ni hamsini. Ishirini wanaiita *haya*, na hapo sijui mgeni wetu ajibu nini.

Mtego mkubwa zaidi ni elfu. Kiarabu *alf* na Kiebrania *elef* ni 1,000, kama elfu yetu. Kwa Kigeez neno hilohilo, *elf*, ni 10,000. Elfu moja ya kawaida wao huisema "mia kumi". Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye maandishi.

Kiswahili cha zamani kilikuwa kimekopa zaidi ya hapa. Kamusi za kale na tenzi zina *edashara* kwa kumi na moja, *thenashara* kwa kumi na mbili, na *hamstashara* kwa kumi na tano. Zina pia *miteni*, mia mbili, na *elfeni*, elfu mbili. Hayo mawili ya mwisho ni vito. Lugha za Kisemiti za kale zilikuwa na umoja, wingi, na hali ya tatu kati yake ya vitu viwili tu, na miteni ni kipande cha hali hiyo kilichoota pwani yetu, katika lugha isiyo na kitu kama hicho. Leo tunasema kumi na moja na mia mbili. Mpangilio wa Kibantu umerudi na kushinda, na hata ishirini na tano tunaisema kikwetu, kubwa mbele. Mwarabu huanza na ndogo: *khamsa wa ishrin*, tano na ishirini. Mmalta vilevile.

Nimechelewesha kwa makusudi jambo linalowatoa jasho wanafunzi wote wa lugha hizi. Sisi tumezoea upatanisho wa kuiga: viti vitatu, miti mitatu, nomino inatoa mlio na hesabu inaitikia. Lugha za Kisemiti zina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na ungetarajia hesabu iige jinsia ya kinachohesabiwa. Kuanzia tatu hadi kumi hufanya kinyume. Hesabu yenye umbo la kike huenda na nomino ya kiume, na yenye umbo la kiume huenda na ya kike.

Aliyepita madrasa amelisoma jambo hili mara nyingi bila kulitambua. Sura ya Al-Haaqqa, aya ya 7, inasimulia upepo uliowapiga watu wa Adi kwa *sab'a layalin wa thamaniyata ayyam*, mikesha saba na siku nane. Layla, usiku, ni ya kike, kwa hiyo saba limekuja kavu bila mkia wa kike, ile *-at* ya mwisho. Yawm, siku, ni ya kiume, kwa hiyo nane limevaa mkia, *thamaniyata*. Kanuni nzima imo ndani ya maneno manne. Kiebrania hufanya hivyohivyo: siku saba ni *shiv'a yamim*, miaka saba ni *sheva shanim*, maana mwaka kwao ni wa kike. Wababeli nao walikuwa na tabia hiyo, kwa hiyo ni ya kale sana. Maelezo ya chanzo chake ni mengi na wataalamu hawajakubaliana. Watu wa kawaida wamechoka nayo: Kiamhari kimeiacha, Kiarabu cha mtaani kimeipunguza sana, na Waisraeli wengi madukani hutaja bei kwa umbo moja tu huku walimu wao wakiguna. Sita, saba na tisa zetu, ukitaka kujua, ni lile umbo lenye mkia wa kike, ambalo Waarabu hulitumia wakihesabu tu, na wakiwahesabu wanaume.

Kiarabu fasaha kinaongeza kero nyingine. Kuanzia tatu hadi kumi kinachohesabiwa huwa katika wingi, lakini kuanzia kumi na moja hurudi umojani. Ndoto ya Nabii Yusufu ya nyota kumi na moja inasema *ahada ashara kawkaban*, na *kawkab* ni nyota moja. Tafsiri ya Kiswahili haiwezi kuonyesha hilo hata ikitaka, kwa kuwa nyota kwetu ni nyota, ziwe moja au elfu.

Basi hayo ndiyo ya mdomo. Mkono una habari nyingine kabisa.

Wababeli ndio mfano ulio wazi kuliko wote. Kwa mdomo walihesabu kwa makumi kama Wasemiti wenzao. Lakini walijifunza kuandika kutoka kwa Wasumeri, watu wasiohusiana nao kwa lugha, na Wasumeri walihesabu kwa sitini. Kwa hiyo mwandishi wa Babeli aliongea kwa kumi na kupiga hesabu kwa sitini. Alikuwa na alama mbili tu za kukandamiza kwenye udongo mbichi, msumari wa wima kwa moja na pembe kwa kumi, na mahali alama ilipokaa ndipo palipoamua kama msumari mmoja ni 1, ni 60 au ni 3,600. Chuo kikuu cha Yale kina kibao kimoja cha udongo kinachoenea kiganjani, cha kati ya miaka ya 1800 na 1600 kabla ya Kristo, kinachoitwa YBC 7289. Kimechorwa mraba na mistari yake miwili ya kona kwa kona, na juu ya mstari kuna hesabu nne: 1, 24, 51, 10. Soma hivi: moja, na 24 gawa kwa 60, na 51 gawa kwa 3,600, na 10 gawa kwa 216,000. Jumla yake ni 1.41421 na kitu, yaani kipeuo cha pili cha mbili, sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Dakika 60 za saa yako zimetoka kwenye mkono huohuo.

Wafinisia na Waaramu walichora vijiti, wakivifunga vitatu vitatu ili jicho lisichoke, wakaweka alama za kumi, ishirini na mia. Makarani wa Israeli na Yuda ya kale waliandika hesabu zao kwenye vigae kwa tarakimu za Misri. Wasaba wa Yemeni ndio walioleta ubunifu wa nyumbani. Kwa tano walichonga herufi *kh*, kwa sababu *khams* inaanza nayo. Kumi ilikuwa *ayn* ya *ashr*, mia *m* ya *mi'at*, elfu *alif* ya *alf*. Na hamsini? Waliichonga *m* nusu, nusu ya mia. Hapo mdomo na mkono vilisikilizana.

Kisha wakaja Wagiriki, na desturi yao ya kutumia herufi za alfabeti kuwa hesabu ikaenea kama moto wa nyika. Wayahudi waliichukua: alef ni 1, yod ni 10, qof ni 100, hadi tav ambayo ni 400. Sarafu za fedha walizopiga wakati wa uasi dhidi ya Roma, mwaka 66 hadi 70, zina miaka ya uasi kwa herufi. Kumi na tano ingekuwa yod na he, lakini herufi hizo ni sehemu ya jina la Mungu, kwa hiyo huandika 9 na 6 badala ya 10 na 5, hata leo.

Waarabu nao wana *abjadi*, na hii imefika kwetu moja kwa moja. Jina Ali ni ayn 70, lam 30, ya 10: jumla 110. Mwenye elimu ya falaki pwani hujumlisha hivyo jina la mgonjwa na la mama yake ili aitafute nyota. Na ile 786 utakayoiona juu ya mlango wa duka au kwenye kioo cha gari ni Bismillahi yote iliyojumlishwa herufi kwa herufi: 102, na 66, na 329, na 289. Piga mwenyewe.

Wahabeshi walizichukua herufi za Kigiriki pia, wakazichora kwa mtindo wao na kuziwekea mstari juu na chini. Zinaonekana tayari kwenye mawe ya Aksum ya karne ya 4. Hawana sifuri, wala alama ya elfu. Wana ፻ kwa 100 na ፼ kwa 10,000, basi. Kumbuka lugha yao: mia kumi kwa 1,000, na *elf* kwa 10,000. Umbo lilikuwa la mgeni lakini walilikata kwa kipimo cha mdomo wao. Mwaka 2017 wa kalenda yao huandikwa ፳፻፲፯: ishirini, mia, kumi, saba. Kwenye kalenda na vitabu vya kanisa bado zipo, ingawa bei sokoni huandikwa kwa tarakimu tunazozijua sisi.

Tarakimu hizo tunazozijua zilitoka India. Mwaka 662 askofu wa Kisiria, Severus Sebokht, wa monasteri ya Qenneshre kando ya mto Frati, aliandika akisifu namna Wahindi walivyopiga hesabu kwa alama tisa. Karne iliyofuata hiyo zilikuwa zimefika Baghdad, na katika karne ya 9 al-Khwarizmi akaandika kwa Kiarabu jinsi ya kuzitumia. Mahali patupu waliita *sifr*, tupu, nasi tukapata sifuri. Wahindi waliandika kutoka kushoto, kubwa mbele, na Waarabu wakazichukua vilevile bila kuzigeuza, ingawa maandishi yao hutoka kulia. Watu huona hapo kuna mgongano. Tazama ٢٥ kwa jicho linalotoka kulia: unakutana na tano kwanza, kisha ishirini. *Khamsa wa ishrin*. Mmalta ndiye anayeteseka, kwani anasema tano kwanza huku mkono wake ukiandika mbili kwanza.

Zikiwa safarini, tarakimu zilipasuka njia mbili. Umbo la Maghreb ndilo lililovuka kwenda Ulaya, na ndiyo maana Mmoroko anaandika 1, 2, 3 kama sisi. Umbo la Mashariki likabaki Misri na Ghuba: ٠١٢٣٤٥٦٧٨٩. Zote huitwa tarakimu za Kiarabu, na hapo ndipo wengi hupotea.

Mgeni kutoka Tanga anayeingia dukani Maskati huona kibandiko: ٦٥٠. Ya kwanza anaisoma saba, kumbe ni sita. Ya pili anaiona sifuri, kumbe ile duara ni tano. Ya tatu anadhani ni doa la wino, na ndiyo sifuri yenyewe. Anamwonyesha mwenye duka kwa kidole. Mwenye duka anaangalia, anamjibu: *sittu miya wa khamsin, baisa*. Sita, mia, hamsini, hata baisa ni pesa. Mgeni anatoa hela bila kuuliza tena.